Kwa nini mjomba wangu anapenda ile sauti mbaya

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye feri ya Likoni, ile ya asubuhi ambayo watu wanasimama kama njiti za kibiriti, iafoni masikioni. Jamaa mmoja kando yangu akaniuliza nasikiza ngoma gani, manake nimefumba macho natikisa kichwa tangu tupande. Nikamwambia ukweli: Katiba ya Kenya. Akacheka, akadhani namchezea. Nikampa iafoni moja. Akasikia sauti ya mwanamke inasoma Kifungu cha 35, haki ya kupata habari, bila hata kupumua. Akanirudishia haraka kama nimempa kaa la moto. "Wee kijana, uko sawa kweli?"

Niko sawa. Tena tangu niache chuo nimesoma vitu vingi kuliko nilivyosoma nikiwa chuo, na karibu vyote nimevisoma kwa masikio. Nilitoka mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu moja, hiyo niliitangaza kwa kila mtu kwa sababu haina aibu. Sababu ya pili sikuwaambia watu: mimi nikifungua PDF ya kurasa arobaini, nikifika ukurasa wa tatu mistari inaanza kuogelea. Nasoma sentensi moja mara nne. Sijawahi kupimwa na mtu yeyote kwa hivyo sitajipa jina la ugonjwa hapa. Ninachojua ni kwamba siku niliyogundua simu yangu ya bei ya chini inaweza kunisomea ile PDF nikiwa naosha vyombo, nilikaa chini nikalia kidogo. Nilikuwa nimeshaondoka chuo miezi saba.

Aliyenionyesha ni mjomba. Mjomba anaishi Mtongwe, na haoni. Sasa kuna watu huniambia kusikiliza si kusoma, ni uvivu wa kizazi cha simu. Nataka niwajibu kwa historia, na historia yenyewe inapitia kwa huyu mjomba.

Anza na neno. Kiswahili kina kitenzi "kusomewa". Neno moja, na ndani yake mna watu wawili: anayesoma na anayesikiliza. Pwani hii watu wamesomewa kwa karne. Tenzi zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini mwenye karatasi alikuwa mmoja na wenye masikio walikuwa mji mzima. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki 1840, mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu kwa miongo kabla Mwalimu Sikujua hajayakusanya na kuyaandika, akifanya kazi pamoja na mmishonari W. E. Taylor. Kitabu chenyewe kilichapishwa 1940, Muyaka ana miaka mia moja kaburini. Kwa hivyo ukiniambia kusikiliza si kusoma, umewafuta watu wengi sana waliomjua Muyaka vizuri kukuliko.

Mwalimu Sikujua nitamrudia, kwa sababu alifanya kitu ambacho mainjinia wa leo bado hawajakifanya.

Lakini kusomewa kuna bei, na hapa ndipo mjomba anaingia. Ujanani alikuwa karani kwenye yadi ya makontena upande wa Changamwe, kazi yake kuhesabu na kuandika. Kule Mtongwe alikuwa ndiye kijana anayejua kusoma haraka, kwa hivyo jioni watu walimletea barua. Zama hizo watu wa kwetu walikuwa wameanza kwenda Uarabuni kufanya kazi, na barua zilikuja kwa mkono wa mtu. Mama mtu mzima anakuja na bahasha ameifunga kwenye ncha ya leso, anakaa barazani, mjomba anafungua, anasoma. Mume ameoa mwanamke mwingine. Mtoto hatumi pesa mwezi huu. Fulani amefungwa. Yote yalipita mdomoni mwa mjomba kabla hayajafika kwa mwenyewe.

"Nilikuwa najua siri za nusu ya mtaa," aliniambia siku moja. "Na wao walijua najua. Wengine hawakunipenda kwa hilo, na mimi sikuwa nimewakosea kitu."

Wengine waliona bora kaseti. Unarekodi sauti yako kule Dubai au Maskati, unampa mtu anayerudi, nyumbani wanaiweka kwenye redio wanasikiza. Nadhani watu wa kaseti walikuwa na akili kuliko wote. Walimtoa karani katikati.

Halafu mjomba akapata presha ya macho. Ilimchukua pole pole kuanzia pembeni, na alipokwenda hospitali sehemu kubwa ilikuwa imeshaenda. Hapa Likoni tuna shule ya wasioona, tumekua tukiwaona wanafunzi wake, na ukisema "kipofu" watu wengi wanafikiria mtoto aliyefundishwa nukta za Breli tangu mdogo. Mjomba hakufundishwa. Mtu aliyepoteza macho akiwa na miaka arobaini na kitu, vidole vyake vimeshaota sugu za kazi, Breli kwake ni kama kuanza Kichina. Kwa hivyo yule aliyekuwa akisomea watu, sasa akawa wa kusomewa. Na M-Pesa ilikuwa imeshaingia, 2007 hiyo, kila kitu ni ujumbe mfupi kwenye simu. Pesa imeingia: mpe mtu simu akusomee. Umebakisha ngapi: mpe mtu simu. Mtoto wa jirani anakusomea kwa sauti kubwa barazani, na kufika jioni Mtongwe nzima inajua una elfu ngapi, na wawili wameshakuja kukopa.

Nikimwambia mjomba kuhusu ile Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, yeye haoni kama ni historia. Waingereza walitaka kila mtu mwenye ardhi kwenye ukanda wa Pwani alete dai lake aandikishwe. Waliojua makaratasi na njia za ofisi walidai. Wengi hawakudai, hasa Wamijikenda, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ni ya Serikali ya Kiingereza. Uskwota unaousikia Likoni na Kisauni mpaka leo una mizizi kule. Mtu mzima aliyelima shamba la babu yake akawa mgeni juu yake kwa sababu ya karatasi. Sasa niambie kusomewa ni uvivu.

Haya, mashine.

Mashine ya kwanza ya maana ya kusomea watu vitabu ilitoka Marekani, 1976, ya Ray Kurzweil. Unaweka ukurasa kwenye kioo, inaupiga picha, inatambua herufi, halafu inatamka. Ilikuwa kubwa kama meza na bei yake makumi ya maelfu ya dola. Stevie Wonder alikuwa mmoja wa wanunuzi wa mwanzo kabisa, na ni sawa, manake nani mwingine angeweza. Miaka ya 1980 akaja Dennis Klatt wa MIT, akachunguza sauti yake mwenyewe na kuigeuza hesabu ambayo kompyuta inaweza kuitamka. Ile sauti ya Stephen Hawking unayoijua ilitoka kwenye kazi yake. Klatt mwenyewe alipata saratani iliyoharibu sauti yake halisi, na akafa 1988. Sauti aliyotengeneza ikaendelea kusema kwa miaka thelathini mdomoni mwa mtu mwingine. Hiyo huwa inanisumbua usiku, lakini tuendelee.

Ted Henter, mwendesha pikipiki za mashindano aliyepoteza macho kwenye ajali ya gari, alitoa programu ya JAWS 1989, ikawa ndiyo mfalme kwenye kompyuta. Shida ilikuwa bei, kama dola elfu moja. 2006 kijana mmoja asiyeona wa Australia, Michael Curran, akachoka na bei hizo, akaanza kuandika NVDA, na rafiki yake James Teh, naye haoni, akaingia. Wawili hawa walikutana kambi ya muziki wakiwa watoto. Programu yao ni ya bure mpaka leo. Na 2009 ndio mwaka ambao kitu kiliingia mfukoni: iPhone ikapata VoiceOver, Android ikapata TalkBack. Kutoka mashine kubwa kama meza mpaka simu, miaka 33.

Lakini zote hizo zilianza na Kiingereza. Jaribu mwenyewe: chukua ujumbe wa Kiswahili, mpe sauti ya Kiingereza asome. "Pole" inakuwa mlingoti. "Pale", "wake", "kale", "mate", zote ni maneno ya Kiingereza kwake, anayatafuna hivyo hivyo. Rafiki yangu wa Bamburi anaweka hiyo kwenye video anachekesha watu, na inachekesha wallahi, mpaka ukumbuke kuna mtu ambaye hiyo ndiyo njia yake pekee ya kujua mwanawe ameandika nini.

Kiswahili ndicho kilikuwa rahisi, hilo ndilo linaloniudhi. Tunaandika tunavyotamka. A ni a, popote ilipo. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho isipokuwa maneno machache, kama "barabara" unayopita kwa miguu na "barabara" ya kusema sawasawa, hizo zinaandikwa moja na kutamkwa mbili. Kwa mashine, Kiswahili ni zawadi. Kiingereza chenye herufi zisizotamkwa na tahajia za ajabu kilifanyiwa kazi miaka na miaka kwa sababu wenyewe walikuwa na pesa.

Kwetu, moja ya kazi za mwanzo ilifanyika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mucemi Gakuru na wenzake, wakishirikiana na mradi wa Uingereza wa teknolojia ya sauti kwa lugha zisizo na soko, walitoa karatasi yao 2005 kuhusu mashine ya kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Unarekodi mtu akisoma, unakata sauti yake vipande vipande, kompyuta inavishona upya kutengeneza maneno ambayo hakuwahi kuyasema. 2005! Nilikuwa sijaanza nasari. Sijawahi kusikia mtu akiwataja, si shuleni, si kwenye redio, na hawa ni Wakenya.

Leo kuna sauti tamu zaidi. Kompyuta inafundishwa kwa saa nyingi za watu wakiongea, inajifunza mpaka mpumuo. Microsoft ina sauti mbili za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki, na mbili za Tanzania, Rehema na Daudi. (Nimekaa Kisauni miaka yote, sijakutana na Zuri hata mmoja. Rehema ninao wanne.) Yule mwanamke wa kwenye feri ni Zuri. Namsikiliza sana, nampenda, sitamsema vibaya.

Ila hakuna wa kwetu kati yao. Hakuna Kimvita. Na hapa nitamrudia Mwalimu Sikujua. Mombasa mtu akisema "paa" la nyumba na "paa" mnyama, mdomo haufanyi kitu kimoja, yule mnyama anatoka na pumzi. T zetu pia ziko mbili, moja ulimi uko kwenye meno, nyingine uko nyuma. Mwalimu Sikujua na Taylor, karne ya 19, walizipa herufi za Kiarabu alama za ziada ili msomaji asichanganye sauti hizi. Kisha 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni wakakutana kuchagua Kiswahili gani kiwe sanifu kwa Afrika Mashariki, wakachagua Kiunguja. Mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Hapa hapa Mombasa. Walikuja mjini kwetu, wakanywa maji yetu, wakaamua lugha ya jirani. Tahajia iliyotoka huko ina t moja na p moja, na mashine inasoma kilichoandikwa tu. Wasichoandika 1928, Zuri hawezi kukijua.

Nilimpelekea mjomba Zuri nikiwa nimefurahi kama nimemletea mchumba. Nikamwekea kwenye simu, akasikiliza kama dakika mbili.

"Mzuri," akasema. "Sasa nirudishie yangu."

Yake ni eSpeak. Kama hujawahi kuisikia, fikiria nyuki amefungiwa ndani ya bati na amefundishwa Kiswahili. Aliianzisha Mwingereza anaitwa Jonathan Duddington miaka ya 1990 kwenye kompyuta ambazo hazikuwa na nguvu hata ya simu yako ya kitufe. Ndani yake hakuna maneno ya mtu yaliyorekodiwa. Kila neno linaundwa kwa hesabu papo hapo, ndiyo maana ni nyepesi sana, na ndiyo maana imebeba lugha nyingi mno, Kiswahili kikiwemo, bure. Mbaya wa sauti, wallahi, hata Duddington nadhani anajua.

Nikamuuliza mjomba kwa nini. Akanipa sababu mbili. Ya kwanza, kasi. Sauti tamu ukiiharakisha inakuwa uji, maneno yanashikana. eSpeak unaiharakisha mpaka mtu wa kawaida hasikii kitu, na aliyeizoea anasikia kila herufi. Ya pili akaisema kama swali.

"Huyo Zuri anakaa wapi?"

Nikaanza kueleza, nikajikuta nimenyamaza. Sauti nyingi kati ya hizi tamu haziishi ndani ya simu. Maandishi yako yanasafiri kwa intaneti mpaka kompyuta ya kampuni huko mbali, yanageuzwa sauti, yanarudi. Ndiyo maana bando ikiisha Zuri ananyamaza. eSpeak iko ndani ya simu, haiendi popote, hata feri ikikwama katikati ya maji bila mtandao itasoma.

"Kwa hivyo barua yangu inatoka nje, inasomwa na mtu, halafu naletewa," akasema. "Mwanangu, hiyo kazi niliifanya mimi."

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. 2017 Kenya ikaingia kwenye Mkataba wa Marrakesh, ule unaoruhusu vitabu kugeuzwa kwa ajili ya wasioona bila kufungwa na hakimiliki. Karatasi zetu ni nzuri sana. Sasa ngoja nikupe mwezi uliopita.

Mjomba alitumiwa barua kwa WhatsApp, inahusu kiwanja cha marehemu babu, ambacho yeye na ndugu zake wamekigombania tangu nijue kutembea. Ofisi iliyoiandika siitaji. Iliandikwa kwa kompyuta, yaani maandishi yalikuwepo, kisha ikachapishwa, ikapigwa mhuri, ikapigwa picha na simu ya mtu, ikatumwa. Ikafika kwa mjomba ikiwa picha. Na kwa programu yake ya kusoma, picha ya barua haina tofauti na picha ya paka. Simu yake ilisema "picha" na ikanyamaza. Alibonyeza tena. "Picha."

PDF nyingi unazotumiwa ziko hivyo pia, kumbuka. Ukiona huwezi kuchagua neno kwa kidole, hiyo ni picha imevaa nguo za maandishi, lazima kwanza programu nyingine itambue herufi ndipo sauti ipate cha kusoma. Kurzweil alilitatua 1976. Aliyeandika barua angeweza kulitatua kwa kutuma lile faili la kwanza tu.

Mjomba akanipigia. "Ndoo mara moja." Nikavuka.

Kufika nikamkuta chumbani, mlango umefungwa, wajomba wengine wawili wako barazani wanakunywa kahawa na kujifanya hawana habari. Akanipa simu akasema, "Igeuze maandishi. Lakini usiisome."

Sasa wewe igeuze barua bila kuisoma. Nilifungua Google Lens, nikaielekeza, nikachagua yote huku nimekodoa macho kwenye pembe ya skrini kama mtu anayepita uchi wa mkubwa wake. Nikanakili, nikabandika. Mhuri ulikuwa umekanyaga mstari mmoja, pale programu ikatoa herufi za wazimu. Nikamwambia kuna mahali pameharibika.

"Ni nini hapo?"

"Naona kama tarehe."

Akafikiri. "Hiyo nisomee. Hiyo peke yake."

Nikamsomea tarehe. Akaichukua simu, akawasha eSpeak, akapandisha kasi mpaka mwisho, akaiweka sikioni bila hata kuhangaika na iafoni. Chumba kizima kikajaa ule mlio wa nyuki. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake. Niliona nyusi zinapanda, zikashuka, akarudisha nyuma mara moja, akasikiliza tena kipande kimoja kifupi. Kisha akazima.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Sijasikia kitu, mjomba."

"Vizuri," akasema. "Fungua mlango, waambie waingie."